Rangi ya Daraja la Mwabula

Kila Jumatano baada ya masomo, Émérance alipita nyumbani, akafagia ua, akaloweka mihogo, kisha akarudi shuleni mbio. Hakutaka kukosa saa ya kompyuta. Chumba kilikuwa na kompyuta sita zilizotumia umeme wa jua. Mawingu yakitanda juu ya Kasongo, Mwalimu Marcellin alizima nne ili mbili ziendelee, na wanafunzi wakabanana mbele ya vioo viwili kama watu wanaoota moto.

Émérance alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa Kabambare kwa wiki ya tatu sasa, akimtunza mdogo wake, Nadine, aliyejifungua mapacha. "Atarudi barabara ikikauka," baba alisema kila jioni. Lakini mvua haikuchoka. Émérance alipofumba macho, aliiona barabara ile kama uzi mwekundu mrefu uliolala msituni, na mama amekaa kwenye ncha ya pili, akiuvuta polepole.

Ndiyo maana alifurahi Mwalimu alipompa kazi. Shule ilikuwa na tovuti yake, na wasafiri wengi waliisoma kwenye simu. Mwalimu alitaka kuiongezea programu-jalizi, yaani kipande kidogo kinachopachikwa kwenye tovuti ili kuipa kazi mpya. Kazi ya hiki ingekuwa kuonyesha hali ya daraja la miti la Mwabula, kwenye barabara ya Kabambare: kijani likipitika, nyekundu lisipopitika.

"Hatuanzi na mikono mitupu," Mwalimu alieleza. "Tunatumia kiunzi. Mnapojenga nyumba, mnaanza na nini?"

"Miti na fito!" wanafunzi walijibu.

"Halafu udongo. Basi kiunzi ni fito zilizokwisha kufungwa. Andika amri hii, Émérance."

Émérance aliandika mstari mmoja, akabonyeza. Mafolda yakachipuka kwenye kioo kama uyoga baada ya mvua: moja la picha, moja la maneno, moja la majaribio. Juu yake likakaa faili moja dogo.

"Hilo ndilo faili la kuamsha," Mwalimu alisema. "Tovuti ikifunguliwa, hilo huamka kwanza, kisha huwaamsha wenzake. Lina neno la kuanzia, ambalo kila msomaji ataliona kabla hatujaandika habari yoyote. Sasa lina neno la mfano tu. Fanyia kazi yako yote kwenye nakala ya majaribio. Kwenye tovuti ya kweli tutaipeleka pamoja, siku tutakapokuwa na mtu wa kutupa habari za daraja."

Juma lililofuata Mwalimu alikwenda msibani, akawaachia wanafunzi ufunguo. Émérance alifuta neno la mfano kwenye faili la kuamsha. Akaandika: *Daraja la Mwabula: linapitika.* Akachagua kijani. Hakuna aliyemwambia kwamba linapitika. Aliandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyotamani. Rangi ile ilimpendeza mno, kama majani ya mpunga mchanga, akajisikia kama mama tayari yuko njiani.

Pitchou, mwanafunzi mwenzake, alichungulia begani kwake, akacheka. "Nyumba yako ni fito tu! Nani ataiona humu ndani? Wewe na mende."

"Nitaipeleka kwenye tovuti ya kweli."

"Wewe? Unaogopa hata panya wa kompyuta!"

Émérance alijua ni kitufe gani. Alikibonyeza. Kwenye simu ya Pitchou kijani kikawaka, na chini yake jina: *Kazi ya Émérance.* Émérance alitembea hadi nyumbani bila kuhisi ardhi.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu mchana hadi watu walipolala. Jumamosi asubuhi simu ya baba ililia. Alikuwa mama.

"Émérance, mama yangu!" alisema akicheka, kwa jina la upendo alilozoea kumwita. "Yakubu wa pikipiki amenionyesha kazi yako kwenye simu. Jina lako liko pale! Tulikuwa tuzunguke njia ya mbali, lakini kama daraja linapitika, tutapita Mwabula. Tunaondoka sasa hivi."

Émérance alifungua mdomo. Sauti ya mama ilikuwa na furaha nyingi, na hakutaka kuizima. Labda daraja lilikuwa zima. Labda Mungu angesaidia.

"Mama..." alianza.

Simu ilikuwa imekatika. Alipiga mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mtandao haukuwapo.

Akakimbia hadi shuleni. Mwalimu Marcellin alikuwa amerudi, amezungukwa na wanafunzi. Émérance alisimama mlangoni, matope hadi magotini. Angeweza kumwita nje, mtu mwingine asisikie. Lakini kumwita nje kungechukua muda.

"Mwalimu, niliipeleka kwenye tovuti," alisema mbele ya wote. "Niliandika kwamba daraja linapitika. Sikumuuliza mtu. Nilidanganya, na mama ameniamini. Yuko njiani."

Hakuna aliyecheka, hata Pitchou. Mwalimu hakugomba. Aliiondoa ile kijani kwenye tovuti, kisha akasema, "Twende kwa Papa Iliasi."

Papa Iliasi alikuwa mzee aliyetunza foni, redio ya mawasiliano inayofika pale mtandao wa simu usipofika. Chumba chake kilijaa mivumo laini, kana kwamba msitu wenyewe unapumua ndani ya sanduku la chuma.

"Njia iko muzuri? Nani alikuambia?" alimuuliza Émérance baada ya kusikia habari.

"Hakuna mtu, Papa."

Mzee alitikisa kichwa, akashika kipaza sauti. "Mwabula, Mwabula, hapa Kasongo. Unanipata?"

Mivumo. Kisha sauti nyembamba: "Nakupata, Kasongo."

"Daraja iko namna gani?"

"Daraja hakuna! Maji imebeba miti yote tangu usiku. Imebakia mbili tu, na zinateleza."

Émérance alishika ukingo wa meza. Papa Iliasi aliagiza watu wa Mwabula waweke tawi katikati ya njia, kabla ya mteremko wa mto, na wasimamishe kila pikipiki. Kisha wakangoja. Jua liliingia dirishani, likatambaa sakafuni, likagusa vidole vya miguu ya Émérance. Alifumba macho, akautafuta ule uzi mwekundu. Safari hii hakuona mtu kwenye ncha yake.

"Kasongo, Kasongo!" foni iliita. "Iko mama moja hapa, na kijana wa pikipiki. Tumewasimamisha. Anataka kusema."

"Émérance?" Ilikuwa sauti ya mama, ya mbali, kama inatoka chini ya maji. "Mama yangu, mimi mzima. Tulikuja mbio, tukaona tawi."

Émérance alilia hadi Papa Iliasi akamwazima leso.

Mama alifika Jumanne, baada ya wanaume wa Mwabula kulaza miti mipya. Jumatano alimfuata binti yake shuleni. Émérance aliketi na kulifungua tena faili la kuamsha. Papa Iliasi alikuwa amekubali kuuliza habari za daraja kila asubuhi, na Émérance angepita kwake kabla ya masomo kuzichukua. Lakini kwanza alibadili neno la kuanzia. Hakuweka kijani wala nyekundu.

"Hii rangi ya majivu inasema nini?" mama aliuliza.

Émérance alimsomea: "*Hatujui bado.* Kila siku itaamka hivi, mpaka mtu aliyeliona daraja atuambie."

Mama alimvuta binti yake ubavuni.

"Uliandika ulichotamani, na mimi nikakiamini, nikapanda pikipiki," alisema. "Lakini ulipokosea ulisema haraka, na mbele ya watu. Tawi lile lilitoka kwenye ulimi wako. Anayesema 'sijui' mapema hamzamishi mtu, Émérance. Shika hilo."

Mwalimu Marcellin alisogeza kiti. "Sasa tuipeleke pamoja," alisema. "Bonyeza."

Émérance alibonyeza.