Keki ya Kakao Yetu Wenyewe

Kila jioni baada ya shule, kazi ya Serwaa ilikuwa kugeuza mbegu za kakao zilizoanikwa mkekani nyuma ya nyumba yao, pale kijijini Nkwantaso. Alizikokota kwa reki ya mbao, akazitenganisha zilizoshikana, akawafukuza mbuzi wa jirani ambao hawakuwa na haya hata kidogo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu azaliwe hakuwahi kula chochote kilichotokana na mbegu hizo. Kakao aliijua kwa harufu tu.

Mambo yalibadilika alipomsindikiza Nana Pokuaa, bibi yake mzaa baba, kwenye hospitali ya macho kule mjini Kumasi. Karibu na kituo cha mabasi palikuwa na mzee aliyetandaza vitabu vya mtumba chini. Serwaa alitoa pesa aliyopewa ya soda, akanunua kitabu cha mapishi kisicho na jalada. Safari nzima ya kurudi alisoma ukurasa mmoja tu, akaurudia na kuurudia: keki ya chokoleti na lozi. Vijiko sita vya kakao, kitabu kilisema. Kakao! Ile ile inayomfanya akimbizane na mbuzi!

Jumatatu, Madam Tiwaa aliwauliza wanafunzi kila mmoja ataleta nini Siku ya Wazazi, ambayo ilikuwa Ijumaa ya wiki ya tatu kuanzia hiyo. Serwaa alisimama bila kuitwa.

"Nitaleta keki ya chokoleti, Madam. Ya kakao ya shambani kwetu."

Boakye, ambaye baba yake alikuwa na lori la kubebea magunia, aligeuka nyuma. "We Serwaa, tangu lini kakao ikaliwa? Kakao inapakiwa kwenye lori, inakwenda zake Ulaya. Au utatupikia na gunia lenyewe?"

Darasa zima likaangua kicheko. Serwaa aliona uso unawaka, lakini hakuketi.

"Cheka tu, Boakye. Ila meno hayo yatunze, siku hiyo yatakuwa na kazi."

Madam Tiwaa aliandika ubaoni: Serwaa, keki ya kakao ya kwao. Sasa shule nzima ilijua, na hakukuwa na kurudi nyuma.

Nyumbani, Baba alitikisa kichwa kabla hata hajamaliza kumsikiliza. "Hiyo iliyo mkekani ni ada yako ya shule. Usiiguse. Halafu kakao si chakula, Serwaa."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema."

"Wewe umewahi kuila, Baba?"

Baba alikuna kidevu, akatazama pembeni. Alikuwa amelima kakao kwa miaka ishirini na miwili, na yote aliipeleka kwa karani wa mizani, aliyeipima na kuinunua. "Haya, vuna kwenye ile miti mitatu ya nyuma ya jiko. Lakini mtu akiumwa tumbo humu ndani, ni wewe."

Serwaa alivuna siku iliyofuata, akayapasua matunda, akazitoa mbegu zikiwa na utelezi wake mweupe. Nana Pokuaa alikuja na majani ya migomba kwapani.

"Zifunike kwa haya, mjukuu wangu, zivundike siku sita, uchungu utoke. Siku ya pili unazigeuza, siku ya nne unazigeuza. Kisha uzianike wiki nzima."

"Siku kumi na tatu, Nana! Kitabu hakijataja majani ya migomba."

"Kitabu chako kimeanzia dukani. Wewe unaanzia mtini."

"Mimi nafuata kitabu," Serwaa alisema, akachukua ndoo ya maji. Alikuwa amemshinda Baba kwa maneno, akadhani ameshamshinda kila mtu. Aliziosha mbegu zile zikatakata, akazianika moja kwa moja juani. Nana aliyaweka majani yake ukutani, akaenda kuketi.

Jumatano ya wiki ya pili zilikuwa kavu. Alizikaanga, akazimenya, akazipeleka kwenye mashine ya kusagia karanga pale sokoni. Kitabu kilitaka lozi. Serwaa akasema lozi za Nkwantaso ni karanga, akazikaanga na hizo. Rafiki yake Dufie, ambaye mama yake aliuza mikate, alimwombea nafasi kwenye tanuri lao la udongo. Keki iliumuka vizuri kabisa. Ila rangi yake ilikuwa ya kijivu, yenye uzambarau wa ajabu.

Dufie aliuma kipande, akakimbilia nje kutema.

"Mwenzangu, hii ni keki au dawa ya malaria?"

Serwaa naye alionja. Ilikuwa chungu, tena uchungu wa kukausha ulimi, na harufu ya chokoleti haikuwamo hata chembe. Alilia kwa hasira. Zilibaki siku tisa tu.

"Sikiliza," Dufie alinong'ona. "Dukani kuna kakao ya kopo. Tunanunua moja, tunapika, unasema ni ya kwenu. Nani atajua?"

Serwaa alifikiri sana, tena kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa watu wajue. Kisha akafuta machozi.

"Mimi nitajua. Halafu Boakye atakuwa amesema kweli, kwamba ya kwetu hailiki. Siwezi kumpa ushindi huo."

Jioni hiyo hiyo alivuna tena. Alikata majani ya migomba mwenyewe, akapiga magoti mbele ya Nana. "Nisamehe, Nana. Nilikudharau. Nionyeshe."

Nana alimwonyesha, wala hakumsimanga.

Siku ya Wazazi ilifika mbegu zikiwa bado mkekani. Wengine walibeba vikapu na vyungu. Serwaa alisimama mbele ya wazazi mikono mitupu.

"Sina keki," alisema kwa sauti kubwa ili asirudie. "Nilipika, ikawa mbaya, kwa sababu Nana alinifundisha nikakataa kusikia. Nyingine itakuwa tayari Jumatano ijayo. Nyumbani kwetu, saa kumi jioni. Anayetaka kucheka, acheke leo. Jumatano aje kula."

Boakye alicheka kweli, na si yeye peke yake. Serwaa alibaki amesimama hadi kicheko kikaisha, ndipo akaenda kuketi.

Jumatano, harufu ilimtangulia kutoka tanurini. Keki ilikuwa ya hudhurungi iliyokolea, karanga zikichungulia juu. Walikuja wengi: Dufie, Madam Tiwaa, na Boakye aliyejifanya anapita tu. Walikula, wakaomba kuongezwa, na Boakye alilamba vidole bila kujua kwamba anatazamwa.

Nana Pokuaa alimvuta mjukuu wake karibu. "Ubishi wako usiuache, mama. Ulimbishia Boakye, ukawa na haki. Ulimbishia baba yako, ukawa na haki pia, hata kama ataninunia. Lakini mimi hukunibishia kwa kuwa nimekosea. Ulinibishia kwa kuwa una haraka. Kabla hujambishia mtu, jiulize ni lipi kati ya hayo. Na kuhusu ule ukweli uliousema mbele ya watu wote, keki hii haiufikii kwa utamu."

Baba naye alipewa kipande. Alitafuna polepole, akameza, akaitazama sahani, kisha akautazama mkeka. Macho yake yalilowa, wala hakuyaficha. Alikata kipande kikubwa, akakifunga kwenye jani, akavaa ndara zake.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kwa karani wa mizani. Miaka ishirini na miwili ananiambia kakao yangu ni ya kawaida tu, naye hajawahi kuionja. Leo ataonja."