Injini ya Gari la Kipanga

Asubuhi ile Mama Kipanga alikuwa barazani, mguu kwenye kanyagio la cherehani, akipinda mapazia ya mteja. Mumewe, fundi magari aliyestaafu, alikaa karibu naye akipuliza chai. Uani, mtoto wao wa pekee alikuwa anaosha gari lake. Mtaa mzima ulimwita Kipanga kwa sababu ya kupenda mwendo kasi. Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba baba yake alizoea kumtania kuwa anatoka humo akitambaa kama mtoto wa miezi minane.

"Mke utampata lini," mama akamwuliza, "na mapenzi yote umeyamaliza kwa bati?"

Kipanga alicheka. Akaingia garini, akawasha ili alisogeze likaukie juani.

Injini ilikohoa. Ukasikika mshindo mmoja mzito, kisha kimya. Mama aliponyanyua macho, kichwa cha mwanawe kilikuwa kimeangukia usukani.

Hospitali walimpima kila kitu. Moyo mzima, mapafu mazima, damu safi. Lakini hakuamka. Pumzi zake zilikuwa fupi, na kila kulipokucha zilikuwa fupi zaidi. Mwishowe daktari aliwaita pembeni, akawaambia kwa upole kwamba ni heri akae nyumbani karibu na watu wake. Mama Kipanga alielewa maana ya maneno hayo. Alimfunga mwanawe vifungo vya shati, wakarudi naye nyumbani.

Mzee hakuweza kukaa chumbani kumtazama mtoto akiisha. Alikwenda uani, akafungua boneti. Mkono wa pistoni ulikuwa umekatika na kutoboa bloku, kiwiliwili chenyewe cha injini. Haikuwa injini ya kuchomelea wala kuunga. Kwa mazoea tu, alichukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye injini, mpini akauweka sikioni, kama mafundi wanavyosikiliza injini inayonguruma ili wajue inaumwa wapi. Ila hii haikuwa inanguruma. Ilikuwa ya baridi kama jiwe.

Kisha akamwita mkewe.

Mama Kipanga akatega sikio kwenye mpini. Akasikia pumzi. Inaingia. Inatoka. Na mwishoni mwa kila pumzi, kimluzi chembamba, kilekile alichokuwa nacho Kipanga tangu avunjike pua utotoni akicheza mpira.

"Yumo," mume akanong'ona.

Mama alikimbilia chumbani, akainama juu ya uso wa mwanawe. Pua ile ilikuwa inapumua kimya. Haikuwa na mluzi wowote.

Muuza vipuri wa mtaa wa nyuma alikuwa na injini ya aina ileile, nzima, iliyotolewa kwenye gari lililopata ajali. Mzee alitaka kuifunga. Alisema mtoto wao amekwama ndani ya kitu kilichokufa. Gari likipata injini hai, na yeye atapata pa kurudi. Mama akakataa. Kama mwanawe yumo ndani ya ile ya zamani, akauliza, wakiing'oa watakuwa wanampeleka wapi? Walibishana kwa kunong'ona pale pale kando ya kitanda. Mama alimwomba Mungu ishara, hata ndogo, hata ya kukisia. Hakuipata. Alichokipata ni midomo ya mwanawe kugeuka bluu mchana kweupe, kitambaa cha jasho kikiwa bado mkononi mwake.

"Funga," akamwambia mumewe. "Funga haraka."

Muuza vipuri alileta injini yake kwa mkokoteni, wakaing'oa ile mbovu, akaondoka nayo. Ndivyo biashara yao ilivyo: ukichukua nzima, mbovu anabeba muuzaji, iwe chuma chakavu. Mzee alikuwa amefanya hivyo miaka yote ya kazi yake. Mikono ilisaidia kuipakia kabla kichwa hakijawaza. Mkewe hakuona. Alikuwa chumbani, kiganja juu ya kifua cha mtoto.

Mzee alifunga usiku kucha, na alfajiri injini mpya ikawaka kwa mguso wa kwanza wa ufunguo.

Chumbani, kitanda kikalia.

Kipanga alikuwa ameketi. Rangi imemrudi usoni, macho maangavu. Mama alimkumbatia, akalia mpaka bega la shati likalowa. Akamletea chai na mkate. Kijana alikula taratibu, kwa mkono wa kushoto, ambao Kipanga hakuwahi kuutumia kulia chakula. Akafuta mdomo. Akawatazama wazazi kwa adabu, kama mgeni anayeona haya kuuliza.

"Samahani, mama," akasema, kwa sauti ya Kipanga. "Hapa ni kwa nani?"

Mama akampapasa paji la uso, kama ana homa.

"Naomba simu nimpigie mke wangu. Tangu ile ajali, hajui nilipo."



"Ile ya zamani," Mama Kipanga akamnong'oneza mumewe. "Ile injini. Iko wapi?"

Mzee alipomwambia ameibeba muuza vipuri, walikimbia. Muuza vipuri aliwaelekeza kwa myeyushaji wa vyuma chakavu, na myeyushaji akawapokea kifua wazi, jasho likimtiririka. Kando ya tanuri lake hapakuwa na injini hata moja. Palikuwa na sufuria mpya zimepangwa mchangani, bado za moto. Aliikumbuka injini waliyoiulizia. Ilikuwa aluminiamu nzuri, akasema, iliyeyuka upesi.

"Ilipiga kelele kidogo motoni," akaongeza. "Lakini nyingine huwa hivyo."

Sufuria kadhaa alikuwa ameshamuuzia mchuuzi mpita njia, asiyemjua jina. Zilizobaki walizichukua zote.

Waliporudi, gari jekundu halikuwapo. Jirani alisema amemwona Kipanga akilitoa, mzima wa afya, amemwamkia vizuri na kumwuliza njia ya kutokea mjini, jambo lililomshangaza kwa kijana aliyezaliwa mtaa huo. Hajaonekana tena.

Sufuria zimo kabatini mwa Mama Kipanga, tupu, hazijawahi kuguswa na maji wala moto. Mwanzoni alizifunika vizuri zisiingie vumbi. Kila asubuhi alipofunua, upande wa ndani wa kila kifuniko ulikuwa umelowa matone madogo madogo, ya uvuguvugu. Alifuta. Kesho yake yalikuwapo.

Siku hizi hazifuniki mpaka mwisho. Huacha mwanya wa upana wa kidole, kwenye kila moja, apate hewa.