Nani Kachukua Jina la Dobi?

Jumanne asubuhi, ofisi ya usajili wa biashara ikiwa ndiyo kwanza imefunguliwa, karani wa dirisha la tatu aliacha kubonyeza kompyuta yake, akamtazama Mama Pacha kwa huruma.

"Jina lako limeshachukuliwa."

"Limechukuliwa vipi, na mimi ndiye niliyelitunga?"

"Kuna mtu kalihifadhi jana mchana. Naye anasema anafungua dobi."

Mama Pacha aligeuka kumtazama mama mkwe wake aliyesimama nyuma yake, mkoba kwapani. Mtaa mzima ulimwita mama huyo Matroni, maana mpaka anastaafu alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana, na hakuna mkate uliowahi kupotea bwenini asimjue aliyeula.

"Mwanangu," Matroni alimwambia karani, "tuonyeshe hilo jina lilivyoandikwa."

Karani aligeuza kioo cha kompyuta. Kwenye fomu yake Mama Pacha alikuwa ameandika *Dobi Mng'ao*. Kwenye kioo palisomeka *Dobi M'ngao*.

"Hilo si langu," Mama Pacha alisema, matumaini yakimrudia. "Kile kialama cha juu kimekaa mahali pengine."

"Dada, yanafanana mno. Hatuwezi kuyasajili yote mawili."

"Nani kaliandikisha?"

"Siruhusiwi kumtaja kabla hajakamilisha usajili. Ila akija mwenyewe akaliachia, nakuandikia wewe papo hapo." Karani alimrudishia fomu zake. "Na mkija, msisahau mkataba wa pango uliosainiwa, wenye namba ya mlipa kodi ya mwenye nyumba. Bila huo, wenzetu wa kodi hawawapi namba yenu. Bila namba, hakuna leseni."

Walitoka nje. Wakwe hawa wawili walikuwa wameunganisha akiba zao wakanunua mashine mbili za kufulia. Nyumba ya wageni iliyo jirani ilikuwa imekubali kuwapa mashuka yake yote, ila kwa sharti moja: karatasi za biashara ziwe mezani kwa meneja kabla ya Ijumaa jioni, kwa jina lilelile lililo kwenye mkataba wao. Mifuko ya kubebea nguo ilishachapwa. Mama Pacha alikwishaanza kuota harufu ya mashuka masafi.

"Tutafute jina jingine tu, Mama," alisema kinyonge.

"Jina halitoki," Matroni alijibu. "Aliyeiba akiachiwa leo, kesho atachukua mashine. Sikiliza. Mtu yeyote akikuuliza, mwambie karatasi zimekwama. Usiseme zimekwamia wapi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Wa kwanza kushukiwa alikuwa palepale getini. Kalamu, kama alivyoitwa na wote, alikaa chini ya mwavuli mkubwa akiwajazia watu fomu kwa malipo, na ndiye aliyewajazia wao Ijumaa iliyopita. Mama Pacha alikuwa tayari amekunja uso, lakini Matroni alimwahi.

"Kalamu, mwanangu, hebu niandikie jina la dobi letu hapa. Nataka kuona mwandiko wako."

Kalamu hakuuliza sababu. Aliandika upesi: *Dobi Mng'ao*, kialama kikiwa mahali pake.

"Umewahi kumtajia mtu jina hili?"

"Mama, kwa siku najaza majina mpaka yananichanganya. La kwenu nimelikumbuka kwa sababu binti yako alinifutisha mara mbili, akidai nimekosea kialama."

Walipofika mbele kidogo Mama Pacha alinong'ona, "Unamwamini?"

"Alilipata kwa mkono wako, likiwa sahihi. Mwizi wetu kalipata likiwa limekosewa. Wewe jina hili uliagiza liandikwe wapi kwingine?"

Mama Pacha alisimama ghafla. "Kwenye bango. Nililiagiza kwa simu."

Karakana ya fundi mabango ilinuka rangi na mafuta ya taa. Bango lao lilikuwa limeegemezwa ukutani ndani, herufi nyekundu kwenye ubao mweupe, na lilipendeza kweli. Lilisomeka DOBI M'NGAO.

"Fundi," Matroni alisema, "sisi tunafua, au tunakwenda vitani na ngao?"

Fundi alilitazama bango, akamtazama Mama Pacha, akashika kichwa. "Mama Pacha, nisamehe. Kwenye simu kulikuwa na makelele. Nalirekebisha sasa hivi, bila malipo."

Matroni alivuta kigoda akakaa, akamkazia macho na kunyamaza. Ule ukimya Mama Pacha aliufahamu. Mumewe alimsimulia jinsi ulivyomtoa jasho utotoni. Fundi alifuta brashi. Akaifuta tena.

"Kuna jingine nimekosea?" aliuliza hatimaye.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Juu ya ngazi, zahanati, naandika jina lao ukutani. Muulize muuguzi wa mapokezi, alikuwa ananiletea maji."

"Na kabla ya hapo, nani aliliona hili bango?"

"Hakuna. Nililimaliza Jumapili jioni, nikalifungia humu. Labda Mzee Funguo tu. Alipita jana asubuhi kulipima, ajue atatoboa ukuta wapi."

Mzee Funguo ndiye mwenye nyumba waliyopanga. Jina hilo alilipata kwa sababu ya pete nzito ya funguo iliyoning'inia kiunoni mwake, ikimtangaza kabla hajafika. Mama Pacha alitikisa kichwa.

"Haiwezekani, Mama. Yule mzee anatupenda. Ametupa chumba hata kabla hatujasaini mkataba."

"Enhe," Matroni alisema. "Na kwa nini hatujausaini?"

Mama Pacha alifikiri. Mara ya kwanza mzee alisahau miwani. Mara ya pili mgongo ulimuuma. Mara ya tatu alisema mkataba upo, haraka ya nini, sisi si ni ndugu.

Jioni ile Matroni alimwita Mzee Funguo aje kunywa chai kwenye kile chumba walichopanga. Kalamu na fundi walialikwa pia. Walikaa juu ya makreti kati ya mashine mbili mpya, vikombe mikononi. Mzee alifika mwisho, funguo zikilia, uso umejaa tabasamu.

"Nasikia karatasi zimekwama," alisema. "Poleni sana, wanangu."

"Tumeshapoa," Matroni alisema. "Ila huyu binti amekata tamaa kabisa."

"Asikate tamaa. Majina yako tele duniani. Chukueni jingine."

Mama Pacha alikiweka kikombe chini polepole. Fundi na Kalamu walitazamana. Wao wenyewe walikuwa hawajui mpaka dakika ile kilichokwama ni nini.

"Nani kakwambia shida ni jina?" Matroni aliuliza kwa upole.

Matroni akanyamaza. Chai ilipoa vikombeni. Mzee alishika pete yake ya funguo, akaanza kuzihesabu kwa kidole kama mtu anayesali.

"Jina lililohifadhiwa lina kosa," Matroni aliendelea, "na kosa lenyewe lilikuwa kwenye bango tu. Bango liliandikwa na huyu, ambaye mchana wa jana alikuwa juu ya ngazi. Na waliliona wawili, yeye na wewe. Nimepita zahanati, muuguzi kanithibitishia. Aliyelihifadhi ni wewe, Mzee. Ninachotaka kujua ni sababu tu, maana dobi hulitaki."

"Silitaki," Mzee alikiri, sauti ikiwa ndogo. "Sijui hata kufua leso."

"Sasa?" Mama Pacha aliuliza, na uchungu wake wote ulikuwa ndani ya neno hilo moja. "Tumekukosea nini, baba?"

Mzee alimtazama, macho yakimlowa. "Hamjanikosea, mwanangu. Ni ule mkataba. Mkiupeleka kwa watu wa kodi wataniuliza namba yangu, na mimi sina. Maisha yangu yote nimepokea kodi, sijawahi kulipa kodi. Nikasema, wakikwama kwenye jina watachoka. Watafua kimyakimya kama wengine, na mimi nitabaki salama."

Kalamu akaanza kucheka, akijaribu kujizuia, chai ikimtoka puani. Fundi akafuata. Mama Pacha alitaka kuendelea kukasirika, lakini alipomwona mzee mzima amejikunyata juu ya kreti kama mwanafunzi aliyekutwa na mkate wa wizi, kicheko kilimshinda.

"Watanifunga?" Mzee aliuliza.

"Mzee wangu," Kalamu alisema akijifuta, "kila wiki nawajazia fomu watu wa namna yako. Anayejipeleka mwenyewe hupangiwa alipe kidogokidogo. Wanaomtafuta ni yule anayejificha."

Matroni alisimama, akatikisa sketi yake. "Kesho asubuhi na mapema nakupitia kwako. Vaa shati safi."

Na kweli, Jumatano watu walimwona Mzee Funguo akitembea barabarani nyuma ya Matroni, kichwa chini, funguo amezishika zisilie. Kwenye dirisha la tatu aliliachia jina kwa mkono wake. Kutoka hapo alipelekwa jengo la kodi, akaingia amekunja uso na kutoka akiwa na namba yake mwenyewe, akimwonyesha kila mtu hata mlinzi. Alisema amelala vibaya miaka mingi kwa jambo ambalo lilimalizwa na msichana mmoja mpole kabla ya chakula cha mchana.

Mkataba aliusaini akiwa amesimama, bila miwani. Alhamisi Mama Pacha alipata namba na leseni, na Ijumaa mchana meneja wa nyumba ya wageni alizipitia karatasi moja moja, kisha akaita vijana wake wapakie mashuka.

Jumamosi mashine zote mbili zilikuwa zinanguruma tangu alfajiri. Mama Pacha alikuwa nyuma, mikono imelowa mpaka viwiko, akiimba bila kujijua, Mzee Funguo alipoingia na furushi la mapazia.

"Mteja ni mfalme," alitangaza. "Na mwenye nyumba hapunguziwi?"

"Hapunguziwi," Matroni alijibu toka mezani, akiwa tayari anaandika. "Na usiondoke bila risiti."

Mzee aliichukua ile risiti, akaisoma yote, akaikunja vizuri na kuitia mfuko wa shati. Kisha akavua koti, akauliza mashuka yanaanikwa upande gani.