Pumzi za Jabez Thackwray

Alhamisi ile asubuhi, Winifred Garside alipokaa kwenye kinanda cha kanisa la Heptonroyd kufanya mazoezi, alikuta kiti kina joto. Mlango alikuwa ameufungua mwenyewe, na theluji ya nje ilikuwa haijakanyagwa na mtu.

Juu ya kinanda palikuwa na daftari la noti za muziki. Aliujua mwandiko. Ulikuwa wa Jabez Thackwray, mwalimu wake, aliyepiga kinanda hapo miaka thelathini na mmoja na kutunga muziki ambao haukuvuka hata kilima cha pili. Alipokufa, Winifred ndiye aliyebeba karatasi zake, vikapu vitatu, akazitia kwenye tanuri la kupashia kanisa joto. Zilikuwa zinakula nafasi tu. Na daftari hili alilikumbuka vizuri: alilitazama likiungua.

Alilifungua hata hivyo. Ubishi ulikuwa ada yake. Alipobonyeza kibao cha kwanza, harufu ya sufu iliyolowa na ya moshi, kama ya koti la marehemu mwalimu wake, ikamjia puani, na mabomba yakaitika, ilhali mtambo wa kuyapulizia upepo alikuwa bado hajauwasha.

Alirudi nyumbani mbio. Mumewe Clem, mstaafu wa kiwanda cha pamba mwenye kifua kibovu, alikuwa sakafuni jikoni, midomo imegeuka buluu.

"Mtu alikuwa ananifyonza pumzi, Winnie," alinong'ona. "Kama kwa mrija."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na robo. We mwanamke, mbona unatetemeka? Anayekufa si mimi?"

Ilikuwa saa ile ile aliyobonyeza.

Alimweleza Kasisi Ibbotson yote, hata habari ya tanuri. Kasisi hakucheka.

"Ulimchomea kazi ya umri wake wote, Bibi Garside," alisema taratibu. "Mtu kama huyo halali."

Saa sita mchana kasisi akayanyunyizia mabomba maji ya baraka, akasali, akamwamuru pepo atoke. Mabomba yalilia kwa pamoja kama ng'ombe machinjoni, vumbi likawamwagikia vichwani, kisha kimya. Siku hiyo Clem alipanda ngazi bila kutweta. Winifred akalia kwa furaha.

Lakini pepo akifukuzwa nyumba moja hutafuta nyingine.

Jumapili kanisa lilijaa. Kasisi akatangaza wimbo, watu wakasimama, wakavuta pumzi, wakafungua vinywa, na Winifred, ambaye alikuwa hajagusa hata kibao kimoja, akasikia kwamba maneno hayatoki, inatoka sauti moja tu, nene, ndefu, kwa kasisi kwanza, macho yamemtoka pima, kisha kwa muoka mikate na binti zake, kisha kwa Clem pale safu ya tatu, watu mia mbili wameikaza sauti bila kupumua, nyuso zikiiva nyekundu, kisha zambarau, mishipa ya shingo imetutumka, na wote wanamtazama yeye, yeye peke yake, huku harufu ya sufu iliyolowa ikimkaba koo, na mtu asiyeonekana akimwambia sikioni kwa upole wa mwalimu:

"Piga, binti yangu. Ukiachia kibao ndipo wanapumua."

Daftari lilikuwa limefunguliwa mbele yake. Akapiga. Kila alipoinua kidole, safu moja ilipata kuvuta pumzi; kila alipobonyeza, nyingine ilikatika pumzi. Alipokosea noti moja, bibi mmoja mzee alianguka kati ya viti, asiinuke tena.

"Hapo nilikufundisha," ile sauti ikasema.

Hakukosea tena. Alipiga saa nzima, vidole vikichubuka, vibao vikiteleza kwa damu, Clem akimtazama huku kinywa ki wazi na machozi yakimtiririka. "Vumilia, mume wangu," alinong'ona, "zimebaki kurasa mbili. Sasa umebaki ukurasa mmoja."

Akaufikia mstari wa mwisho. Chini yake, kwa wino ambao haujakauka, palikuwa pameandikwa: Rudia toka mwanzo.