Shangazi Alipoleta Sare Benki

Chumba cha kusubiri cha kampuni ya bima, mtaa wa Marina, Lagos, kilijaa watu waliokuja kusailiwa. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu, tena kando ya Gbolahan, mwanaume ambaye Abosede aliapa hatamtazama tena usoni. Akavuta sketi yake nyeusi, akakaa na kumpa mgongo.

"Bose wangu, umependeza."

"Wako wa wapi? Umenifukuzisha kazi, sasa unanifuata mpaka huku?"

Benki yao haikuruhusu wachumba kufanya kazi pamoja, nao waliuficha uchumba wao vizuri. Hadi siku shangazi yake Gbolahan alipoingia na furushi la sare za harusi yao, vitambaa vya rangi ya chungwa vinavyong'aa, akaanza kuwauzia wafanyakazi, meneja akiwemo. Shangazi gani huyo, jamani! Kesho yake Abosede akaachishwa kazi.

"Sikumtuma," Gbolahan alinong'ona. "Ungepokea simu zangu ungejua."

"Wewe si ulibaki na kiti chako?"

"Niliacha kazi wiki ileile. Au unadhani hapa nimefuata mkate?"

Hilo Abosede hakulijua. Mara jina lake likaitwa.

"Waambie uliacha mwenyewe," Gbolahan akamwahi.

"Nyamaza, mshauri!"

Ndani, mama mwenye kilemba cha buluu hakumkaribisha hata maji. "Kwa nini uliondoka benki?"

"Nilifukuzwa. Nilimficha mchumba niliyefanya naye kazi. Kosa ni langu, sitalirudia. Ila wateja wangu waulizeni, hakuna aliyenilalamikia."

"Nani huyo mchumba?"

"Gbolahan. Yuko hapo nje, anangoja zamu yake."

Mama akaweka kalamu chini. "Nafasi ni mbili, na sheria yetu ni hiyohiyo. Bado ni mchumba wako?"

Angesema hapana tu, kazi aliyoililia ingekuwa yake. Abosede alimchukia Gbolahan kuliko siku zote.

"Bado," akasema.

"Basi tutachukua mmoja, na huenda asiwe wewe."

Alitoka amefura. Gbolahan akasimama. "Vipi, mpenzi?"

"Mkosi mkubwa wewe! Umeniharibia mara ya pili."

"Nimefanya nini tena?"

"Ingia huko, na ukiulizwa una mchumba, ole wako ukatae." Akajifuta machozi kwa hasira. "Na shangazi yako, hizo sare asipeleke tena kazini kwa watu. Azilete kwetu."