Wa Chini Ndiye Anayetoa Amri

Nati ilikuwa inakaza yenyewe.

Fundi aliyebandikwa jina la Dakika Mbili, kwa kuwa hiyo ndiyo ahadi aliyompa kila mteja, alikuwa ndani ya shimo la gereji tangu asubuhi, shingo imepinda, akilitazama tumbo la gari kuukuu la shemeji yake. Paipu ya breki ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ikatoboka. Kuibadilisha si kazi ya kumtoa mtu roho: unafungua nati mbili, unatoa ya zamani, unafunga mpya. Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikataa kama mtoto aliyeambiwa akaoge.

Aliimwagia mafuta ya kulegeza kutu. Aliigonga kwa nyundo ndogo. Aliipiga moto wa gesi mpaka nyusi zake mwenyewe zikapungua. Mwishowe akatwaa spana ringi aliyoikata mdomo kwa msumeno ili ipite kwenye paipu, akavuta kwa mikono miwili, nati ikasogea robo mzunguko. Akafuta jasho. Alipoishika tena, ilikuwa imerudi palepale.

"Uzee huu," aliliambia gari.

Akavuta tena. Robo. Akapumua. Imekaza.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alichungulia shimoni, mkoba wake wa ukunga begani.

"Shemeji, hizo dakika zako zinahesabiwa kwa saa ya wapi?"

"Inakuja."

"Ulisema hivyo nikiwa nakunywa chai. Yule mama ana mapacha, na mmoja amekaa vibaya. Nikichelewa sidhani kama nitawakuta wote watatu."

"Na ule mteremko ukiushuka bila breki, watakukuta wewe bondeni."

"Ndiyo maana nakubembeleza," alisema kwa sauti ndogo, akatoka nje kuwapigia simu wenye mgonjwa.

Ndipo gari likabonyea, kama mtu mnene ameketi kwenye kiti cha dereva.

"Shemeji, umepanda?"

"Niko huku getini," ilijibu sauti yake, mbali.

Harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi ilijaa shimoni, ingawa shimo lilikuwa la saruji tupu. Juu yake mtu alikuwa anapumua, polepole.

Kazi ya breki hutaka watu wawili: mmoja juu anakanyaga pedali, mmoja chini anafungua na kufunga, na wa chini ndiye anayetoa amri. Fundi alikuwa ameamrisha hivyo miaka ishirini na sita, ulimi wake ukiwa umeshazoea, na siku hiyo hasira zilikuwa zimeitangulia akili.

"Wewe uliyeko juu," alifoka, "achia."

Nati ikazunguka kama iliyopakwa siagi.

Mtu mwenye akili timamu angekimbia. Yeye aliwafikiria wale mapacha, akafunga paipu mpya, kisha, kwa kuwa breki yenye upepo ndani ya paipu ni sawa na kutokuwa na breki, akanong'ona, "Kanyaga," na pedali ikashuka, akasema, "Shikilia," ikashikiliwa bila kutetemeka, mafuta yakatoka na mapovu yake, akafunga, akasema, "Achia," na wakaendelea hivyo gurudumu baada ya gurudumu, yeye akilowa jasho la baridi, kile cha juu kikipumua kwa zamu na sauti yake, na jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba alikuwa hajawahi kupata msaidizi hodari kiasi hicho.

Shemeji alirudi mbio. "Wamesema uchungu umezidi."

Hakuweza kumpa gari lenye abiria. Alisema neno ambalo wasaidizi wote huambiwa kazi ikiisha.

"Shuka."

Mlango ukafunguka, ukajifunga. Gari likainuka.

"Nani alikuwa anakukanyagia?" shemeji aliuliza akiwasha.

"Jirani."

"Mwambie asante."

Alisimama mlangoni akilisikiliza gari likishika mteremko. Taa nyekundu zikawaka kwenye kona, likapunguza mwendo vizuri, likapita. Baada ya saa moja simu ikalia: wote watatu wazima. Fundi alicheka peke yake, akalia kidogo pia, akanawa mikono.

Alipokuwa anajifuta ndipo alipogundua kwamba harufu ya udongo haikuondoka na gari. Alikuwa amemwambia ashuke. Hakumwambia aende wapi.

"Nenda," alinong'ona kuelekea shimoni. "Nenda zako, tafadhali."

Kisha sauti nene, yenye adabu zote, ikapanda kutoka gizani.

"Gari lingine liko wapi, fundi?"

Akafungua mdomo aseme hakuna. Getini, mteja akapiga honi.