Kadi Yenye Namba Kubwa

Ijumaa asubuhi, saa tatu na nusu, Eufrasia alipiga magoti sebuleni kwake Nyihogo, mjini Kahama, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya meza. Alilifungua kwa ufunguo alioufunga kwa kamba nyeusi shingoni. Akatoa vitenge, akatoa cheti cha ubatizo cha mjukuu wake, akafika kwenye bahasha nyeupe iliyokuwa chini kabisa. Aliikung'uta kiganjani. Hakikuanguka kitu. Wanawake waliokuwa uani wakichagua mawe kwenye mchele wa arobaini walisikia ukunga, wakadhani kuna mtu mwingine amekufa.

Kilichoibwa ni kadi ya kamera, kitu kidogo cha kupotelea kwenye kiganja. Lakini ndani yake alikuwamo Vumilia, binti pekee wa Eufrasia, aliyekufa kwa saratani. Hospitali ilipomrudisha nyumbani, Vumilia aliomba aitiwe mpiga picha. Akakaa mbele ya kamera siku tatu, akiongea na mtoto wake Klara, ambaye hajatimiza miaka miwili, ili akikua amsikie mama yake. Alisema pia kwamba humo, akibaki peke yake na kamera, ataeleza Klara akae na nani. Siku iliyofuata akafariki. Eufrasia aliifungia kadi sandukuni na kutangaza kwamba haifunguliwi mpaka arobaini, mbele ya koo zote mbili. Arobaini yenyewe ilikuwa Jumapili.

Sajenti Asteria wa upelelezi alifika saa nne. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi, na kwenye nyumba za msiba alikuwa na desturi ya kuvua viatu mlangoni hata asipoambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu," Eufrasia alimwita mama kwa Kisukuma. "Kaa."

Kufuli ya sanduku haikuwa na mkwaruzo. Dirisha lilikuwa na nondo. Juu ya meza palisimama picha mpya kwenye fremu: Eufrasia na kitenge chake cha bluu, Klara mapajani, wote wawili wamekazia macho kamera kama watu wanaosubiri kusomewa matokeo.

"Picha nzuri," Asteria alisema.

"Ya Pantaleo, huyo huyo aliyemrekodi mwanangu. Alikuja kuipiga Jumatano, akasema ya arobaini hatanitoza."

"Na ufunguo huu, nani mwingine huushika?"

"Hautoki shingoni hapa, hata nikioga." Eufrasia aliukamata. "Usihangaike, mayu. Mwizi ninamjua. Ni Edson."

Edson alikuwa mume wa marehemu, mchimbaji wa dhahabu huko Mwakitolyo. Tangu mazishi, yeye na mama mkwe wake walikuwa wakisalimiana kwa kutazamana miguu. Kila mmoja aliamini Vumilia amemwachia yeye mtoto. Na Alhamisi jioni majirani walimwona Edson getini na mfuko mweusi mkononi, wakasikia Eufrasia akimfukuza.

"Aliingia ndani?"

"Mtu wa kuingia kwenye duara la mgodi, chini huko gizani, atashindwa na mlango wangu?"

Asteria aliomba kujua kadi ilivyofanana. Eufrasia akamletea pakiti yake tupu, aliyoitunza kama watu wanavyotunza kadi za kliniki. Namba 128 ilikuwa imeandikwa kwa wino wa dhahabu, kubwa kuliko maandishi mengine yote.

"Pantaleo alisema nije na kadi yangu. Wapiga picha siku hizi wote wanasema hivyo, ili mteja asije akalalamika kuwa picha zake zimefutwa. Nikaenda stendi. Kijana alikuwa nazo nyingi kwenye sinia. Nikamwuliza, ipi inabeba maneno mengi kuliko zote? Akanipa hii. Nikamwambia hizo ndogo ziache, mwanangu ana mengi ya kusema." Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulitulia kidogo. "Angalau hilo nilimfanyia vizuri."

Kabla ya saa nane mchana Edson alikuwa mahabusu. Alikuwa kijana mrefu mwenye vumbi jekundu lisilotoka kwenye kucha, na hakupinga alipokamatwa. Jambo hilo lilimsumbua Asteria kuliko kama angepiga kelele.

"Alhamisi ulifuata nini kwa mama mkwe?"

"Nilimpelekea mtoto viatu. Vya kuvaa arobaini."

"Viko wapi?"

"Kwenye huo mfuko mlioninyang'anya."

Asteria aliufungua mfuko. Vilikuwamo viatu vyeupe vya kitoto, vyenye maua ubavuni, na soli safi.

"Hiyo kadi ungeipata ungeifanya nini?"

Edson alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Ningeisikiliza, afande. Siku anarekodi nilikuwa duarani, natafuta nauli ya kumrudisha hospitali, Mwanza. Mimi sauti ya mke wangu ya mwisho niliyoisikia ni ya simu, na mtandao ulikuwa unakatika. Unafikiri ningeitupa?"

Asteria alivirudisha viatu mfukoni. Lakini Eufrasia alikuwa ameandikisha shauri, majirani walikuwa wametoa ushahidi, na mkuu wa kituo aliona kesi imekwisha. Edson akarudishwa ndani.

Saa kumi Asteria aliingia studio ya Pantaleo, karibu na stendi. Mpiga picha huyo alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alikuwa akifuta lenzi ambayo tayari ilikuwa safi.

"Wewe ndiye uliyempa mama ile kadi?"

"Ndiyo. Siku ya mazishi."

"Vumilia alisema nini kuhusu mtoto?"

"Sijui. Aliniomba niwashe kamera nitoke. Mambo ya mama na mwanawe."

"Una uhakika kamera ilishika?"

"Niliitazama yote nyumbani, siku zote tatu. Sikufungua sauti, kwa heshima. Picha zilitoka safi." Akaendelea kufuta lenzi. "Ni kweli Edson mmemfungia?"

"Ni kweli."

Pantaleo aliiweka lenzi chini taratibu. "Edson hana makosa," alisema.

"Unajuaje?"

"Nasema tu. Ni kijana mpole."

Jumamosi asubuhi Asteria alikuwa na shughuli nyingine. Kadi ya kamera ya kituo ilikuwa imejaa ajali na maiti, ikahitajika nyingine. Akaenda duka la vifaa la Thobias, na kwa kuwa pakiti ya Eufrasia ilikuwa bado mkobani, akaitoa.

"Nipe kama hii."

Thobias alianza kucheka, akaona uso wa mteja wake, akaacha. "Afande, hizo siuzi. Nilinunua moja zamani, ikanimalizia picha za harusi ya dada yangu. Hii namba ni ya kwenye karatasi. Ndani hata nane haifiki vizuri."

"Kamera haitagundua?"

"Na kamera inadanganywa. Ukiichomeka inasoma mia na ishirini na nane. Ikijaa haisemi imejaa, inaendelea tu kupokea. Majina ya video utayaona yote. Ukizifungua, kijivu kitupu."

"Mtu akirekodi siku tatu?"

"Atapata kipande cha siku ya kwanza, akiwa na bahati. Ndiyo maana kadi mpya unaijaribu kwanza: unaijaza mpaka mwisho, halafu unafungua uone kama ulichoweka kimo. Ukubwa wa namba usikuhadae. Nunua kwa mtu ambaye kesho utamkuta."

Asteria alinunua kadi ya kituo, yenye namba ndogo, akasahau kuchukua risiti. Alisimama nje ya duka, watu wakimpita kwenda stendi. Pantaleo alisema aliitazama yote, siku zote tatu, na ilitoka safi. Kadi ile isingeweza kutoa siku tatu safi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mbona mtu adanganye kuhusu jambo kama hilo? Kisha akaikumbuka picha iliyo mezani kwa Eufrasia. Alikwisha kumjua mwizi, na sasa alijua pia sababu, na alitamani sana asingeijua hiyo ya pili.

Saa tisa alasiri waliketi wote sebuleni Nyihogo. Eufrasia alikuwa na Klara mapajani. Edson, aliyeletwa na askari, alikaa karibu na mlango. Pantaleo aliambiwa aje na kompyuta yake, akaja, na hakuuliza ya nini.

Asteria aliichukua fremu kutoka mezani. "Mama, ulisema ufunguo hautoki shingoni hata ukioga. Kwenye picha hii uko wapi?"

Eufrasia aliikodolea macho picha yake mwenyewe. Shingo ilikuwa tupu. "Aliniambia niivue kamba. Kwamba inaharibu picha. Nikauweka hapo mezani, nikaenda uani kumwogesha mtoto..." Alimgeukia Pantaleo. "Wewe?"

Pantaleo alitoa kikasha kidogo cha kadi mfukoni mwa shati, akakiweka mezani. "Mimi. Jumatano. Niandikieni wizi, afande, mumwachie huyu kijana. Nimeiba, basi."

"Basi vipi?" Eufrasia alipaza sauti, mtoto akashtuka. "Nimekukosea nini mimi? Mwanangu alikukosea nini? Ulitaka kumuuzia nani?"

"Nimeiba, mama. Sina la kuongeza."

Asteria alizoea kuwabana watu wakakana kosa; huyu alibanwa akakataa kujisafisha. Angeweza kuliacha hapo. Pantaleo angekwenda mahakamani, Edson angetoka, na Eufrasia angebaki na mtu wa kumchukia. Lakini Edson alikuwa amesimama.

"Kama kadi ni hiyo, afande, tuisikilize. Mengine baadaye."

Hapo Pantaleo akajifunika uso. Asteria alitoa pakiti ya dhahabu mkobani, akaiweka kando ya kikasha, taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Alilazimika kusema, akasema.

"Mama, hizi zinauzwa nyingi za bandia. Imeandikwa kubwa, ndani ni ndogo. Siku tatu hazikuingia."

Eufrasia aliitazama pakiti kwa muda mrefu. "Hii si ndiyo niliyoinunua mimi?"

Aliiokota, akaigeuza upande wa pili.

"Si ndiyo niliyoichagua mimi mwenyewe?"

"Kosa ni langu, mama," Pantaleo alisema akilia. "Kadi ya mteja huwa naijaribu. Hiyo sikuijaribu, kwa haraka, kwa kuwa mgonjwa alikuwa anachoka. Usiku wa siku ya tatu nikaifungua nikaona kijivu. Asubuhi na mapema nikakimbia hapa kuomba turudie. Nikakuta turubai la msiba linafungwa getini. Ningekuambiaje? Nikakupa kadi yako. Kisha ukasema itafunguliwa arobaini, mbele ya watu wote, na wewe umekaa mbele. Nikaona bora ukose kadi kuliko ujue. Sikujua watamkamata Edson. Nilipojua, nikakosa ujasiri."

Eufrasia hakupiga ukunga. Afadhali angepiga. Alimshusha Klara chini, akakaa mikono imelala mapajani, viganja juu.

"Kuna chochote kilichobaki?" Edson aliuliza.

"Dakika chache. Za mwanzo kabisa."

"Weka."

Pantaleo alifungua kompyuta, akaichomeka kadi. Vumilia akatokea, amekonda, kilemba cha njano kichwani, ameegemea mto kwenye kochi hilo hilo alilokalia mama yake sasa. Alikohoa, akacheka kwa aibu kidogo, akauliza kama imeshaanza. Klara alisimama wima katikati ya chumba, akanyoosha kidole. Edson alipiga magoti nyuma ya mtoto wake, akamshika mabegani.

Vumilia alianza kumwambia Klara jina lake, na kwa nini alipewa jina hilo. Kuhusu nani amlee, hakufika. Katikati ya sentensi aligeuza shingo, akamtazama mtu aliyekuwa nje ya picha.

"Mama, njoo ukae hapa na mimi. Tuonekane wote."

Na sauti ya Eufrasia ikasikika, ya mama mwenye afya na haraka, ikitokea pembeni:

"Aa, ng'wanone, mwanangu, sema wewe. Mimi nitakujazia nafasi bure."

"Nafasi ipo, mama. Si umenunua kubwa?"

"Sema wewe tu."

Vumilia alitabasamu, akapapasa kochi ubavuni pake mara mbili, akimngoja. Kisha kioo kikawa kijivu.

Klara alikigonga kwa kiganja. Edson alinyanyuka, akaenda kuketi chini, miguuni pa mama mkwe wake, mtoto akiwa kifuani. Eufrasia aliuweka mkono wake juu ya kichwa cha Edson, akauacha hapo.

"Pantaleo," alisema baadaye. "Rudisha mwanzo."

Pantaleo akarudisha. Binti alipogeuza shingo na kumwita, Eufrasia aliinuka, akaisogeza stuli mpaka ubavuni mwa kompyuta, akaketi, akageukia watu waliokuwa chumbani.

"Nimekuja," alisema.